iNaturalist kwa nzi wadogo: itegemee hadi jenasi, kisha uwe mwangalifu

iNaturalist ni huduma ya bila malipo ambamo mtu hupakia picha ya kiumbe aliyemwona, akataja mahali na tarehe, kisha akapata jina linalopendekezwa na akili mnemba, ambalo watumiaji wengine huliunga mkono au hulisahihisha. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na tangu 2023 inaendeshwa na shirika lake lenyewe lisilolenga faida. Kwa ndege, vipepeo na maua, sifa zake zinajulikana. Hapa ninaipima kwa kazi ngumu zaidi, yaani kutambua nzi wenye urefu wa milimita mbili au tatu. Maoni yangu ni kwamba inafaa sana kumfikisha mtu kwenye familia na jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu, lililo ndani ya familia), ila jina la spishi inalolitoa kwa nzi wa kiasi hicho lichukuliwe kama dokezo tu.

Ugumu wenyewe unatokana na nzi, wala si uzembe wa waliotengeneza programu. Spishi za nzi, mbu na jamaa zao ambazo wanasayansi wamekwisha kuzieleza zinazidi 150,000, na nyingi hutofautiana kwa alama ambazo kamera ya simu haizifikii. Chukua mfano wa nzi wa matunda Drosophila melanogaster, ambaye maabara nyingi duniani humfuga kwa utafiti. Ana ndugu anayefanana naye karibu kwa kila hali, Drosophila simulans, na wote wawili hukusanyika juu ya matunda yaleyale yaliyoiva kupita kiasi. Madume hutenganishwa kwa kibamba kidogo kilichoko kwenye viungo vya uzazi, ambacho kwa simulans ni kipana na cha mviringo, na kwa melanogaster ni chembamba kilichopinda kama ndoano. Ili kukiona, nzi hulazwa ubavu chini ya hadubini na ncha ya fumbatio lake ikaelekezwa kwenye mwanga. Majike hawana kibamba hicho, na hata mtaalamu aliyebobea husita kuwatenganisha kwa macho. Picha iliyopigwa kutoka juu itaonyesha macho mekundu na mwili wa rangi ya manjano iliyofifia, sifa ambazo wote wawili wanazo.

Kwa hiyo, programu inapotaja spishi moja kati ya hizo, msomaji akumbuke jinsi inavyofanya kazi: hulinganisha picha yake na zile ilizofunzwa, na spishi ambazo picha zake bado ni chache hazimo kabisa katika mafunzo hayo. Spishi isiyomo haiwezi kupendekezwa, hata kama ndiyo jibu sahihi. Kwa nzi wadogo hali hiyo ni ya kawaida.

Thamani kubwa ya huduma hii naiona kwa watu walioko nyuma yake. Wapo wanaofahamu kundi moja tu la nzi kwa undani, na maelezo yao mafupi chini ya picha hufundisha mengi: kwamba nywele ya papasi (kipapasio cha kichwani) ina matawi, kwamba ukingo wa mbele wa bawa una mikato miwili, kwamba kando ya kila jicho kuna nywele ngumu tatu, moja ikielekea mbele na mbili zikirudi nyuma. Anayetaka kusaidiwa vizuri apige picha ya ubavu, ya mgongo, ya uso na ya bawa lililokunjuliwa. Hata hivyo, rekodi hupewa kiwango cha utafiti, yaani daraja la juu la kuaminika, pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana kuhusu spishi, na watu wawili tu wanatosha. Wa pili akibofya kukubali bila kuangalia alama yoyote, kosa hupata muhuri. Ndiyo maana napenda sana kitufe kinachomruhusu mtambuzi kusema kwamba utambuzi hauwezi kuboreshwa zaidi, ili rekodi iliyoishia kwenye jenasi nayo ihesabiwe kuwa kamili. Kitumike zaidi.

Anayehitaji spishi kwa hakika atalazimika kuhifadhi nzi mwenyewe katika ethanoli (aina ya alkoholi), ili viungo vya uzazi vichunguzwe au vinasaba visomwe, kwa kawaida kipande cha COI, jeni inayotumika sana kutambua spishi, chenye herufi za vinasaba zipatazo 650. Kwa baadhi ya makundi hakuna njia nyingine. Mbu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatenganishwi kwa macho; kwa kawaida hutumika kipimo cha vinasaba.

Naipendekeza huduma hii kwa yeyote anayeanza kujifunza nzi, pamoja na ombi moja kwa waendeshaji wake. Programu ikishafika kwenye jenasi, imwambie mtumiaji ni sehemu gani ya mwili inayohitajika ili kwenda mbele. Jenasi ya nzi wa matunda iitwayo Zaprionus hutambulika kwa picha moja, kwa mistari myeupe yenye kingo nyeusi kichwani na mgongoni, lakini baadhi ya spishi zake hutofautishwa kwa miiba ya paja la mguu wa mbele. Sentensi moja ya kuomba picha ya paja hilo, nzi akiwa bado yupo, ingeokoa rekodi nyingi.