Kamusi iliyonitenganishia "sensible" na "sensitive"

Huu ni mwaka wa tatu natumia Oxford Advanced Learner's Dictionary, toleo la 8, lile la mwaka 2010. Niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba anayepanga vitabu chini, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwa Sh 30,000 baada ya kuvutana sana. Jalada lilikuwa limeachia, nikaipeleka kwa fundi akalishona.

Kazi yangu ni kutafsiri: barua, vipeperushi, katiba za vikundi. Kilichonifanya niitafute kamusi hii ni barua moja. Katibu wa kikundi chetu cha akina mama aliomba kazi mahali, akanijia: "Dada, niandikie barua ya kunitambulisha, wewe Kiingereza unakijua." Nilitaka kusema ni mtu mwenye busara, asiyekurupuka. Nikaandika "a very sensitive woman". Kwenye usaili wakamuuliza kama huwa anaumia haraka akikosolewa. Alirudi amenyong'onyea, hajui swali lile lilitoka wapi. Mimi nilipoisoma tena ile barua nilijua, na iliniuma sana.

Neno nililolihitaji ni "sensible". Yote mawili yametokana na neno la Kilatini la kuhisi, ila kila moja limeshika njia yake. "Sensible" limekwenda upande wa busara, hata kwenye viatu: "sensible shoes" ni vile unavyoweza kushinda navyo kutwa bila miguu kuuma. "Sensitive" limebaki kwenye hisia, na lenyewe lina matawi. Anayejali hisia za wenzake ni "sensitive", na hiyo ni sifa. Anayeudhika upesi naye ni "sensitive", na hapo ni lawama. Kuna jambo nyeti, na kuna meno yanayouma ukinywa maji ya baridi. Kamusi ndogo ya lugha mbili niliyokuwa nayo ilinipa neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, basi. Hii imezipa maana namba, na chini ya kila namba kuna sentensi. Siku hizi naanza na sentensi, maelezo nayasoma baadaye.

Maelezo yenyewe hayatishi, kwa sababu waandishi wamejifunga kutumia maneno ya kawaida yapatayo 3,000. Kitabu kilianza kama kazi ya walimu: A. S. Hornby alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, na kamusi aliyoitunga na wenzake wawili ilitoka Tokyo mwaka 1942. Ualimu huo bado unaonekana. Pale maneno ndugu yanapochanganya, wameweka kisanduku cha kuyalinganisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba jiko banifu, lile lisilokula mkaa mwingi, ni "economical", wala si "economic" kama nilivyokuwa nikiandika kwenye vipeperushi. "Economic" ni la mambo ya uchumi wa nchi. Tarehe 9 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopata uhuru, ni "historic". Risiti ya zamani ya karafuu ni "historical" tu, maana inahusu historia lakini haikubadili kitu.

Sisi Waswahili tuna mtego wetu hapa. Tunasema "niazime kalamu", na tunasema "nimeazima kalamu kwa Juma". Azima moja inatoa na kupokea, na ndiyo maana watoto wetu wanasema "borrow me your pen" badala ya "lend me your pen". Kwenye kopa na kopesha hatukosei, kwa kuwa kile kiambishi kinatuonyesha fedha inaelekea wapi. Kamusi inaonyesha wazi: "borrow" huandamana na "from", "lend" huandamana na "to". Nimemfundisha binti yangu kwa hivyo vihusishi viwili, na hajakosea tena.

Ukurasa wangu uliochakaa kuliko yote ni wa "run". Kwenye maneno yenye maana nyingi kama hilo wameweka vichwa vidogo ili usisome yote kutafuta moja. Nimejaza penseli pembeni: duka linaendeshwa, bomba linatoa maji, makamasi yanachuruzika, basi linafanya safari, kanga mpya inatoa rangi, mtu anagombea ubunge. Kiingereza kinayafunika yote hayo kwa neno moja, na kila mara mimi ndiye wa kuchagua Kiswahili chake.

Hapo ndipo ujue unachonunua: ni Kiingereza kwa Kiingereza, hutakuta tafsiri humo. Anayeanza kabisa itamchosha. Mimi naiweka sambamba na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili); ya kwanza inanionyesha ni maana ipi, ya pili inanipa neno. Ni nzito pia, si ya kubeba kwenye daladala. Ukiwa na bando, tovuti yao ina kamusi hiyo bure pamoja na sauti za matamshi, na toleo la 10 lilitoka mwaka 2020. Kwa kazi ya kila siku, hata la 7 au la 8 la mtumba linatosha. Ila kabla hujalipa, fungua hadi herufi Z uhakikishe hakuna kurasa zilizochanwa.