Duka la kanga la Mtaa wa Uhuru: kitambaa cha kawaida, kauli ya pekee

Anayetafuta kanga Dar es Salaam hana haja ya kuhangaika. Ukitokea Mnazi Mmoja, maduka ya Mtaa wa Uhuru yamepangana mlango kwa mlango, doti zimetundikwa hadi darini, na kwa kuwa wauzaji wengi huchukua mzigo kwenye viwanda vilevile na kwa waagizaji walewale, ni vigumu kuchagua duka kwa kutazama bidhaa peke yake. Duka ninalolizungumzia ni dogo, halina kibao kinachosomeka kwa mbali, na bei zake zimezidi kidogo za majirani. Hata hivyo, anayenunua kanga ya kumpa mtu mwingine, hasa mkwe au wifi, atafanya vyema kuanzia hapo, kwa sababu mama anayeuza anaijua kazi ambayo wauzaji wengi wa mtaa huo wameiacha, nayo ni kumsaidia mteja asiharibu uhusiano kwa zawadi.

Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linaloleta maneno. Tangu enzi za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zinatambulika kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na majina yalipokuwa bado yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, vazi hili limemwezesha mwanamke kumfikishia jirani ujumbe bila kufungua kinywa. Akiulizwa, hujibu tu kwamba alipenda rangi. Mlango huo wa kutokea humfaa anayejivalia mwenyewe. Kwa anayetoa zawadi umefungwa, kwa kuwa kila mtu atajua kwamba jina lilichaguliwa kwa ajili ya mpokeaji, na mpokeaji atakuwa wa kwanza kulisoma hivyo.

Nilipokuwa nasubiri zamu yangu, dada mmoja alichagua doti nyekundu iliyoandikwa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", akasema bila kificho kwamba anampelekea wifi yake kwenye arobaini ya mtoto. Mama yule hakumkataza, wala hakuuliza wamegombania nini. Aliisifu rangi, akaikunja taratibu, kisha akauliza, "Siku hiyo, mwanangu, atakayezipokea zawadi na kuzifungua mbele za watu ni nani?" Dada akajibu kwamba ni mama mkwe wake, halafu akanyamaza. "Basi hii nakuwekea pembeni, ukiitaka ipo," mama akasema, huku mkono wake ukishusha nyingine ya rangi ileile, yenye jina "Wema hauozi". Dada akacheka mwenyewe na kuilipia hiyo ya pili. Wifi huyo huenda akaisoma kama sifa, huenda akaisoma kama kumbukumbu ya deni, lakini mama mkwe ataifungua bila kukunja uso.

Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba hakuna aliyeambiwa amekosea. Mteja aliulizwa swali moja la kawaida, jibu likatoka kwake mwenyewe, na uamuzi ukabaki wake hadi mwisho. Nimewahi kumsindikiza shangazi yangu katika duka jingine la mtaa huohuo ambako muuzaji alimwambia kwa sauti, wateja wengine wakisikia, kwamba doti aliyoishika ni ya bei kubwa na kwamba za kwake ziko kule chini. Shangazi alikuwa na fedha ya kutosha. Hakununua chochote, na hadi leo hulipita duka hilo kwa upande wa pili wa barabara.

Siku hiyohiyo walifika akina mama wa kikundi kuchukua sare za harusi, na wawili kati yao walikuwa hawajamaliza kulipa. Mama alifungua daftari, akalifunga, akawakabidhi wengine mizigo yao, kisha akawaambia wale wawili kwamba za kwao bado ziko kwa fundi zinapindwa, hivyo wapite siku nyingine. Kwa mahali nilipokuwa nimesimama, niliziona zimekunjwa chini ya meza, pindo zikiwa zimeshashonwa. Huo ni uongo, na sitaupamba kwa jina jingine. Ila ungesemwa ukweli mbele ya kikundi kizima, aibu ingewafuata wanawake wawili hadi kwenye harusi yenyewe.

Ulaini huohuo unapohamia kwenye sifa za kitambaa, ndipo ninapomlaumu. Bibi mmoja aliipapasa doti akauliza kama ni nzito kama zile za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, ambacho wazee wengi wa mji huu bado hupimia kanga zote. "Hizi nazo zina watu wake, bibi," mama akamjibu. Bibi alicheka, akanunua. Jibu lilikuwa tamu lakini halikusema lolote, na kitambaa chenyewe kilikuwa chepesi, kimesimama kwa nguvu ya uwanga wa kiwandani ambao hutoka katika ufuaji wa kwanza. Kwa mtu anayenunua kwa fedha ya kujibana, huo ni upungufu, hata kama umesemwa kwa heshima.

Dawa yake ni kuuliza swali lisilo na kona. Nilipomuuliza kama doti ya buluu niliyokuwa nimemchagulia mama mkwe wangu mtarajiwa inachuja, alikiri mara moja kwamba inachuja, akanishauri niifue peke yake kwa maji ya chumvi kabla ya kuifunga kama zawadi. Jina lake, "Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu", alilichagua yeye baada ya kuniuliza kama baba wa binti yuko hai, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria kuwa linahusika. Bei haikushuka sana. "Ongeza kidogo mwanangu, mzigo umepanda," alisema, na aliirudia kauli hiyo kwa uchangamfu uleule hadi nikaongeza.

Kwa kanga ya kujifunga jikoni, maduka ya jirani yatakupunguzia zaidi, na kitambaa ni hichohicho. Kwa kanga ya posa, ya maulidi au ya kumpelekea mtu mliyekuwa hamsemezani, nenda hapo asubuhi ya siku ya kazi, kabla vikundi vya sare havijajaa, kwa kuwa mama huyo huhitaji muda wa kuuliza maswali yake. Ukikuta amekaa kijana wake badala yake, rudi siku nyingine: kijana ni mkarimu na bei zake ni nafuu, lakini huyasoma majina ya kanga kwa sauti, kisha humuuliza mteja mbele ya duka zima anamlenga nani.