TAHADHARI: Tochi za "mita 1,000" zinazouzwa Kisumu na Nakuru

Kuna tochi zinazozungushwa kwenye steji na masokoni, Kisumu hadi Nakuru, na nyingine zinauzwa mtandaoni kwa sharti kwamba utume pesa kwanza. Boksi limeandikwa mita 1,000, mengine 2,000, yaani eti mwanga unafika umbali huo, na betri imeandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri). Wanaolengwa hasa ni masoja wa usiku, wavuvi na watu wa bodaboda. Usitoe pesa kwa kuamini maandishi hayo.

Angalia jinsi muuzaji anavyokuonyesha. Atamulika kibao cha barabarani au nambari ya gari lililo mbali, ing'ae, nawe uamini. Vitu hivyo vimetengenezwa ili virudishe mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo hata tochi dhaifu huving'arisha. Mtu mwenye koti jeusi akisimama kando ya kibao hicho hutamwona. Wauzaji wengine humtuma mwenzao mbali apige simu aseme "naiona tochi". Ataikosaje, na yuko gizani? Swali ni kama wewe unamwona yeye.

Hata kampuni zinazosema kweli huandika umbali mkubwa kuliko ule utakaokufaa. Kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, kiitwacho FL1, huhesabu umbali hadi pale mwanga unapobaki laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), takriban kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa mwanga huo utajua kuna kitu, lakini hutajua kama ni ndama au mtu ameinama. Kwa kazi, kata nusu: umbali ukipungua nusu mwanga huzidi mara nne, ukapata laksi 1. Tochi halali ya mita 200, basi, ihesabu ni ya mita 100, na kutambua sura ya mtu ni chini ya hapo.

Usidanganywe na lumeni pia. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Umbali huamuliwa na kandela, yaani mwanga ulivyokusanyika upande mmoja. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2, hizo ndizo mita za boksi. Kandela 10,000 ni mita 200. Mita 1,000 zinadai kandela 250,000, na tochi ya kuvuta lenzi ya shilingi mia chache haifiki huko hata kwa maombi.

Kupima ni rahisi. Weka programu ya kupima laksi kwenye simu. Mahali penye giza, simama mita 10 kutoka kwa simu na umulike kihisi chake cha mwanga, ambacho kwa kawaida kiko juu karibu na kamera ya mbele, kwa kitovu cha mwanga. Zidisha namba kwa 100 upate kandela. Ikisoma 120, una kandela 12,000: mita 219 za boksi, kama 110 za kazi. Ya mita 1,000 ingesoma 2,500. Vihisi vya simu hukosea, ila si mara ishirini. Iache iwake dakika 5, upime tena. Nyingi hung'aa dukani kisha hufifia.

Betri nayo ifungue uitoe. Ya saizi ya 18650 (ile ya mviringo, nene kuliko ya redio ndogo) iliyo bora huishia kama 3,600 hadi 4,000 mAh, kwa hiyo 9,900 ni uongo wa wazi. Ipime kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni: nzima huwa na gramu 45 hivi au zaidi. Ikiwa nyepesi mno, hata isikupotezee muda.

Na mazingira yana lake. Kwenye ukungu wa Timboroa au Mau Summit, mwanga mwembamba mkali hugonga ukungu na kukurudia machoni. Ziwani pakitulia, maji huuelekeza mbele badala ya kuurudisha, kwa hiyo yanabaki meusi hata kwa tochi nzuri. Soja wa kiwanja cha mita 40 anafaa kuwa na tochi yenye mwanga mpana kuliko hizo za kurusha mbali.

Kama umeshauziwa, piga picha boksi na namba iliyosomwa na simu, kisha udai pesa zako kabla muuzaji hajahama steji. Betri hiyo usiiache kwenye chaji usiku mkiwa mmelala.