Gereji Isiyokimbilia Kufungua Injini: Tathmini ya Huduma Moja Mjini Malindi

Malindi haina upungufu wa mafundi wa magari. Kuanzia barabara ya Lamu hadi vichochoro vya Kisumu Ndogo, mtu hatembei mwendo mrefu kabla ya kukuta boneti lililoinuliwa na miguu ya fundi ikichungulia chini ya gari. Kinachoadimika ni fundi anayekubali kulipwa kwa kazi ya kutafuta ugonjwa peke yake, akamwambia mwenye gari alichokiona na jinsi alivyokiona, na kumwachia uamuzi wa kuendelea naye au kwenda kwingine. Gereji ninayoitathmini hapa ni ndogo, iko upande wa Maweni, haina hata kibao cha jina, na hufanya hivyo hasa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipa sifa, ingawa zipo kasoro nitakazozitaja bila ya kuzipunguza.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (jina tu, si lita tatu), silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779 kwa maneno ya wauza spea, au tuseme lita 2.8. Ni injini isiyo na kompyuta wala waya nyingi. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa mkanda ule ule unaozungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu), na kila silinda ina nozeli yake ya kunyunyizia dizeli na paipu yake ya chuma. Kazi ya gari ni kubeba maembe na nazi kutoka pande za Mambrui na Marafa hadi soko la Malindi. Lilianza kugonga asubuhi linapowashwa, mlio mkavu, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko nyuma ya ukuta, na likipanda na mzigo kutoka Marafa mlio huo uliongezeka. Injini ikishapata moto ulipungua, ila haukutoweka.

Gereji nyingine, ambayo si ya lazima kuitaja, ilikuwa imekwisha kutoa hukumu kwa kusimama kando ya boneti kwa muda wa kunywa kahawa: beringi za konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenkshafti, yaani shafti kuu ya injini) zimekwisha, injini ifunguliwe yote au inunuliwe nyingine iliyotumika kutoka Mombasa, na kwa vyovyote gharama haitapungua laki moja. Huenda ingekuwa kweli. Injini ya umri huo ina haki ya kuchoka beringi. Lakini hakuna kipimo kilichofanywa, na chuma cha injini kina tabia ya kupeleka sauti mbali na pale ilipozaliwa, hata mlio wa juu karibu na valvu ukasikika kana kwamba unatoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Fundi wa Maweni alianza kwa maswali. Mlio unaanza lini, unazidi ukiwa baridi au moto, unabadilika gari likiwa na mzigo, oili ilibadilishwa lini, dizeli hununuliwa wapi. Maswali haya si ya kupoteza muda, kwa sababu kila chanzo cha mlio kina mwenendo wake. Beringi ya konrodi iliyolegea kwa kawaida hugonga kwa sauti nzito, na huzidi injini inapopata moto, kwa kuwa oili ya moto ni nyepesi na haiwezi tena kujaza nafasi iliyopanuka. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda huenda kinyume chake: hugonga asubuhi, kisha hutulia inapotanuka kwa joto. Tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) zilizoachia nafasi kubwa hutoa mlio mwembamba wa juu, unaokwenda kwa nusu ya mwendo wa krenkshafti, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili. Nozeli mbovu nayo hufuata mwendo huo wa nusu, hupiga mlio mkali na mkavu, na huwa mbaya zaidi injini ikiwa baridi. Kwa maelezo hayo tu, beringi zilikuwa zimeanza kuonekana hazina hatia, lakini fundi hakutamka neno mpaka apime.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha oili. Alivuta kijiti, akatazama kiwango, akanusa kama kuna harufu ya dizeli, kwani nozeli inayovuja inaweza kushusha dizeli hadi kwenye sampu na kuifanya oili kuwa nyepesi. Kisha akaifungua sensa ya presha ya oili na mahali pake akafunga kipimo chenye mshale, akaiacha injini ingurume hadi ikapata moto kamili. Hapa ndipo nilipoanza kuithamini gereji hii. Taa ya oili kwenye deshibodi haiwezi kutegemewa kwa swali kama hili, kwa maana huwaka presha inapokuwa karibu kwisha kabisa, na beringi zinaweza kuwa zimelika sana huku taa imezimika. Kanuni ambayo mafundi wengi huifuata ni takriban pauni 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, na Hilux yetu, ikiwa moto, ilitoa zaidi ya hapo. Injini yenye konrodi inayogonga kwa nguvu ile isingetarajiwa kushika presha namna hiyo.

Halafu akaiondoa mikanda ya mbele na kuiwasha injini kwa muda mfupi sana, kwa kuwa mikanda hiyo ndiyo inayozungusha pia pampu ya maji, na injini isiyozungushiwa maji haipaswi kuachwa ikinguruma. Alteneta ya injini za aina hii hubeba mgongoni pampu ya vakyumu ya breki, na pampu hiyo ikichakaa hutoa mlio unaoweza kumpotosha fundi akafungua injini nzima kwa kosa la kifaa kilichofungwa nje. Mlio ulibaki vile vile. Pulei ya krenkshafti aliitikisa kwa mkono, mauntingi za injini akazitazama kwa tochi, na akaendelea.

Kipimo kilichoamua jambo ni kile cha kulegeza nati za paipu za nozeli. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi hufunika nati kwa kitambaa, huilegeza kidogo ili dizeli ivuje nje badala ya kuingia kwenye silinda, na husikiliza. Silinda hiyo huacha kufanya kazi, injini hutetemeka, na ikiwa mlio unatoka hapo, hubadilika au hukatika. Silinda ya kwanza, mtetemo ukaja na mlio ukabaki. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ilipolegezwa mlio ulikatika papo hapo, na hata mimi ambaye sikio langu halikufunzwa nilisikia tofauti.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo, na angeweza kukosea. Kukatika kwa mlio silinda inaponyimwa dizeli hakuthibitishi kwamba nozeli ndiyo mbovu, kwa sababu konrodi iliyolegea ya silinda hiyo hiyo nayo hutulia inapoondolewa nguvu ya mlipuko juu yake, na pistoni kadhalika. Nilipomuuliza kama sasa tununue nozeli, alinijibu kwa utulivu: "Ngoja kwanza, ami. Tumejua nyumba, hatujamjua mwizi." Akaizima injini, akaitoa nozeli ya silinda ya tatu akaipeleka ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu, akatoa hewa kwenye paipu na kuwasha tena. Mlio ulikuwa umehama. Ulipatikana sasa kwenye silinda ya kwanza, na ya tatu ilikuwa inafanya kazi kama wenzake. Kama ingekuwa konrodi au pistoni, mlio usingehama, kwa kuwa hivyo viwili havikuguswa.

Maelezo aliyoyatoa baadaye ni sahihi na yanafaa kuelezwa kwa wenye magari ya dizeli. Nozeli nzima hunyunyiza dizeli ikiwa ukungu mwembamba, na hufunguka tu presha inapofika kiwango chake, ambacho kwa injini za aina hii ni zaidi ya bar 100. Iliyochoka hudondosha matone. Matone hayo hayawaki mara moja. Hukusanyika, kisha huwaka kwa pamoja, presha ndani ya silinda ikapanda ghafla, na hapo ndipo mlio unapozaliwa. Kuacha hali hiyo iendelee ni hatari, kwani dizeli inayodondoka mahali pamoja inaweza kuunguza kichwa cha pistoni hadi kikatoboka, na wakati huo ule ufunguaji wa injini uliokwepwa utakuwa wa lazima.

Kasoro ya kwanza ya gereji inaonekana hapa. Haina mtambo wa kupimia nozeli. Zilipelekwa Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi, kwa mtaalamu wa pampu na nozeli, na gari likasubiri juu ya matofali. Ni kweli kwamba fundi alisisitiza zipimwe zote nne, si ile mbovu peke yake, na kipimo kilionyesha kwamba moja ilikuwa inadondosha na nyingine ilikuwa inanyunyiza upande mmoja ingawa haikuwa imeanza kugonga. Ushauri ulikuwa mzuri. Kusubiri kulikuwa kuchungu, hasa msimu wa maembe ambapo mzigo haungoji mtu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa maoni yangu. Kazi yote hufanyika chini ya mwarobaini, penye vumbi, na mfumo wa dizeli una adui wawili wakubwa, yaani maji na vumbi. Fundi mwenyewe huziba midomo ya paipu kwa vitambaa safi kila anapofungua, lakini kijana anayejifunza aliacha paipu moja wazi huku upepo wa kusi ukivuma, na ilibidi aitwe kuziba. Alikemewa, paipu ikasafishwa, na mambo yakaenda. Gereji inayopata riziki yake kwa uangalifu haina budi kujenga hata kibanda cha pazia. Tena kuna jirani mwenye mashine ya kuchomelea vyuma, na akishaanza kazi yake hakuna anayesikia injini wala adhana.

Kuhusu chanzo cha uharibifu, chujio la dizeli lilipofunguliwa sehemu ya chini lilitoa maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na tangi linaloachwa nusu usiku kucha hukusanya matone ndani yake. Kuongezea dizeli ya kwenye madumu ni kuzidisha tatizo. Chujio la Hilux lina kijibomba cha kutolea maji hayo, na nimeonyeshwa jinsi ya kukifungua. Ni kazi ya dakika chache ambayo gereji nyingi haziitaji, labda kwa sababu haina malipo.

Bei. Kutafuta mlio peke yake nilitozwa shilingi 2,000, na fundi alisema wazi mwanzoni kwamba nitazilipa hata nikiamua kupeleka gari kwingine. Wapo watakaoona ni ghali kulipia kusikilizwa. Nozeli, pete mpya (washa) zinazokaa chini yake, nauli ya Mombasa na ufundi, vyote kwa pamoja havikufika robo ya kile kilichotajwa na gereji ya kwanza. Risiti, hata hivyo, ni ya kuandikwa kwenye kipande cha daftari ukiiomba, na haina maneno yoyote ya dhamana. Mwenye kampuni anayehitaji karatasi za hesabu atapata taabu.

Siishauri gereji hii kwa wenye magari mapya ya dizeli, kama zile Hilux za D-4D. Katika mfumo wao dizeli hukaa kwenye paipu kwa presha inayopita bar 1,000, na kulegeza nati injini ikiwa inawaka kunaweza kupenyeza dizeli ndani ya ngozi ya mtu. Magari hayo husomwa kwa kompyuta, na fundi wa Maweni hana. Nilimwona akimrudisha mteja mwenye gari la aina hiyo aliyetoka Mokowe, jambo ambalo halikumletea pesa ila liliniongezea imani naye.

Injini sasa haigongi, ingawa si kimya. Asubuhi husikika mlio hafifu unaopotea baada ya dakika chache, ambao fundi anauhesabu kuwa wa pistoni zilizolegea kidogo kwa umri, na alikataa kuufungulia injini. Alinitajia tu dalili zitakazombadilisha msimamo: presha ya oili kushuka injini ikiwa moto, mlio kuongezeka kwa joto badala ya kupungua, au vumbi la chuma linalometa ndani ya oili siku ya kuibadilisha. Kipimo chake cha presha anakifunga bure kwa mteja aliyekwisha kutengenezewa.

Atakayekwenda apeleke gari jioni na kuliacha lilale hapo. Fundi huliwasha alfajiri likiwa limepoa kabisa, kabla jirani hajaanza kuchomelea, na gari linalofikishwa saa nne likiwa moto ataliambia lingoje hadi kesho yake.