Miezi kumi na minne na mashine ya kukata vinili katika karakana ya Katuba

Karakana yetu ya ushonaji iko Katuba, hapa Lubumbashi, na kwa miezi kumi na minne sasa tunatumia mashine ya kukata vinili (utando mwembamba wa plastiki wa kubandika) aina ya Silhouette Cameo 4 kuweka majina na namba kwenye fulana na jezi, na pia kutengeneza vibao vidogo vya maduka. Zamani namba za jezi tulizikata kwa mkasi kwenye kitambaa kisha tukazishonea, kazi ambayo kwa timu moja tu ya mtaa ilitumalizia siku mbili.

Mashine yenyewe ni ya mezani, na upana inaoweza kukata ni kama sentimita 30. Kisu hujirekebisha chenyewe kulingana na aina ya vinili uliyoichagua kwenye programu, na programu hiyo hufanya kazi bila intaneti, jambo ninalolithamini sana, kwa kuwa siku mtandao unapopotea kazi ya mteja haisimami. Umeme ukikatika kisu kikiwa katikati ya herufi, hata hivyo, kipande hicho huwa kimeharibika. Ndiyo maana tunaiendesha kwa betri na inveta.

Mkato wake ni safi, ila usafi huo hauji bila jaribio. Kila ninapofungua roli mpya hukata kwanza mraba mdogo kwenye pembe, nikauinua kwa ncha ya sindano. Ukitoka mzima, na karatasi ya chini ikabaki na alama hafifu tu, ndipo ninapoendelea. Siku moja niliruka hatua hiyo kwa roli nyembamba niliyoinunua kwa bei nafuu, kisu kikapenya hadi karatasi ya chini, na nusu mita ikapotea.

Vinili ya nguo inataka umakini zaidi. Upande unaong'aa hulazwa chini, na maandishi hugeuzwa kwenye programu kama yanavyoonekana kwenye kioo kabla ya kukatwa. Nilisahau kuyageuza katika fulana za kwaya moja, na Mama Prezidenti wa kwaya ndiye aliyegundua, akaniambia kwa upole, “Papa, jina letu limeanzia mwisho.” Fulana tatu zilikuwa zimekwisha kupigwa joto. Nilizilipia mwenyewe, na tangu hapo neno GEUZA limeandikwa juu ya meza ya kukatia.

Anayefikiria kununua mashine hii aweke kando pia fedha za presi ya joto, yaani mashine ya kubandikia vinili kwenye nguo kwa joto na mgandamizo. Vinili ya kawaida ya nguo huhitaji nyuzi joto 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15, pamoja na mgandamizo ulio sawa kila mahali. Pasi ya nyumbani ina matundu ya mvuke na joto lake halilingani, kwa hiyo kona za namba huanza kuinuka baada ya kufuliwa mara chache, na mchezaji akirudi na jezi yenye 7 inayoning'inia, hailaumu pasi bali fundi.

Kwenye vibao, adui yetu ni vumbi jekundu la kiangazi. Chembe moja ikibaki chini ya herufi hutokeza kama kipele, na maji ya mvua za Novemba huanza kuingia papo hapo. Tunaosha bati au kioo kwa sabuni, tunafuta kwa spiriti, kisha tunabandika asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, tukisukuma utepe wa kuhamishia, ule unaobeba herufi zilizokatwa hadi kwenye kibao, kutoka katikati kwenda pembeni. Kibao cha duka la dawa tulichokibandika kwa njia hiyo kimepita msimu mzima wa mvua bila herufi hata moja kuinuka.

Kwa bango refu la barabarani, upana wa sentimita 30 hukulazimisha kuunga vipande, na maungio huonekana. Kazi hizo ninawapelekea wachoraji wa mabango. Nembo zenye vivuli na rangi zinazoyeyukiana nazo huenda kwa mchapaji, kwa sababu kila rangi ya vinili hukatwa peke yake.