Mkanda wa Matatu: Ukaguliwe Kizuizini au Stejini?

Tangu kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zianze kutekelezwa Februari 2004, matatu za Mombasa, kama za Kenya nzima, zinatakiwa kuwa na mkanda katika kila kiti. Linalobishaniwa ni mahali pa kuisimamia sheria hiyo.

Kizuizi cha polisi kina nguvu ya faini, lakini nguvu hiyo huishia pale pale. Gari la Mtwapa likikaribia askari, makanga hupaza sauti, "Mikanda, jamani!", na abiria huutandaza mkanda mapajani bila kuuchomeka, askari anayechungulia dirishani huona utepe, haoni kifungio. (Mkanda wenyewe mara nyingi una vumbi la kutosha kuharibu kanzu ya Ijumaa.)

Ukaguzi wa stejini, kabla gari halijaondoka, hauna vitisho, na dereva anayekimbizana na zamu ataona unamchelewesha. Hata hivyo ndio ninaoupendelea, kwa sababu hapo ndipo kifungio kilichovunjika kinapogunduliwa, na kosa hilo ni la mwenye gari, si la abiria aliyekalia kiti chenye mkanda usiofungika. Kwa dereva, ambaye mkanda wake huonekana kupitia kioo cha mbele, kizuizi kinatosha.