Kabla hujauliza bei ya mashine ya kufulia, uliza kama tangi linafunguka

Jamani mashine yangu ya kufulia imekufa ikiwa na miaka mitano na nusu tu, na kilichoiua ni beringi, ile pete ya chuma yenye gololi inayobeba dramu ikizunguka, kitu kinachoenea kwenye kiganja. Nimetumia karibu mwezi mzima kutafuta nyingine na mambo yaliyonisaidia kuchagua sikuyakuta kwenye tangazo lolote wala kwenye kile kibandiko kikubwa wanachobandika mbele ya mashine dukani, kwa hiyo nayaandika hapa yote pamoja na maoni yangu kuhusu niliyonunua mwishoni, sasa ina miezi tisa.

Ilianza na sauti. Inafua vizuri kabisa lakini ikifika kwenye kukamua inaanza kunguruma kama lori linapanda mlima na mzigo, na kila wiki ngurumo inapanda, mpaka ikawa mtoto akilala hatuthubutu kuiwasha. Siku moja nikaingiza mkono nikashika dramu kwa ndani nikaisukuma juu chini, ikagonga, tak tak. Sasa hapo sikiliza, dramu ikiwa nzima ukiisukuma inaenda pamoja na tangi lake la nje maana vyote viwili vinaning'inia kwenye springi, ila ikicheza yenyewe ndani ya tangi ujue beringi imeondoka. Nikaivuta mashine kutoka ukutani nikaona nyuma mchirizi mwembamba wa rangi ya kutu umekaukia pale kwenye kitovu kinapopita mkanda.

Fundi alikuja akafungua mgongo akamulika na tochi, wala hakukaa sana. Akaniambia, dada, beringi yenyewe ni kitu cha bei ndogo tu, lakini hebu angalia hapa. Akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa tangi la plastiki polepole, hakuna boliti hata moja. Vipande viwili vya tangi vimeunganishwa kiwandani kwa kuyeyushwa vikawa kitu kimoja. "Hii haifunguki. Ukitaka beringi unanunua tangi zima na dramu yake, na ukipiga hesabu hapo na ufundi unakaribia bei ya mashine mpya." Akasema wapo wanaokata kwa msumeno wakabadilisha beringi kisha wakafunga kwa silikoni na skrubu, na yeye mwenyewe amewahi kufanya hivyo, ila hawezi kuniahidi kwamba haitavuja. Nilimshukuru sana kwa ukweli huo, angeweza kula hela yangu kirahisi.

Nikamuuliza beringi inakufaje kwenye mashine ya miaka mitano. Kumbe mbele ya beringi kuna sili ya mpira inayozuia maji, na sili ikishachoka maji ya sabuni yanapenya taratibu, yanaosha grisi, beringi inashika kutu, baada ya hapo ni kelele tu kila siku. Na kinachochosha sili mapema ni mambo tunayoyafanya wenyewe majumbani: kujaza nguo mpaka mlango unasukumwa kwa goti, kuweka sabuni nyingi, na kufua kwa maji baridi mwaka mzima bila hata siku moja kupiga mzunguko wa moto. Mabaki ya sabuni na ya zile dawa za kulainisha nguo yanaganda nyuma ya dramu kama ute, na pale nyuma kuna ule msalaba wa aluminiamu unaoshika dramu kwenye ekseli, ute ule unautafuna polepole mpaka unaweza kukatika katikati ya kukamua. Nilikuwa siujui kabisa huo msalaba.

Basi kutoka siku ile swali langu la kwanza kila duka lilikuwa moja, tangi linafunguka kwa boliti au limeunganishwa? Wauzaji wengi hawajui, na siwalaumu, wamefundishwa kusoma idadi ya programu na rangi. Lakini unaweza kuangalia mwenyewe. Omba wainamishe kidogo ile ya maonyesho umulike kwa chini au kwa nyuma kwenye kifuniko, ukiona boliti au klipu zimezunguka ungio la tangi ni dalili nzuri, ukiona ungio laini lisilo na kitu chochote ujue ni la kuyeyushwa. Kama hawakuruhusu, chukua namba kamili ya modeli, rudi nyumbani, tafuta kwenye tovuti za wauza spea. Modeli ambayo beringi na sili zinauzwa peke yake ni modeli inayofunguka. Modeli ambayo unakuta tangi zima tu ndo linauzwa, umeshapata jibu. Nilitumia jioni kama nne hivi nafanya hiyo kazi na kwakweli zilinisaidia kuliko maoni mia ya "nimeinunua wiki iliyopita, nzuri sana nyota tano". Maoni ya wiki moja hayawezi kukuambia lolote kuhusu beringi.

Kuna msaada mwingine watu hawautumii. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 unawalazimisha watengenezaji wawe na spea za mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni, na Ufaransa mwaka huo huo ilianza kutaka mashine za mlango wa mbele ziuzwe na alama ya 0 mpaka 10 inayoonyesha zinarekebishika kiasi gani, na mwaka 2025 alama hiyo ikabadilishwa na ya kudumu, ambayo nayo inahesabu urekebishaji. Hata kama huishi huko, modeli nyingi ni zile zile au zinafanana sana, ukiandika namba ya modeli kwenye intaneti unaweza kuikuta alama yake. Mimi iliniondolea mbili kwenye orodha ambazo nilikuwa nimeshazipenda kwa muonekano.

Sasa aina. Mlango wa mbele au mlango wa juu, watu wanabishana sana kuhusu hili, mimi naona jibu linatokana na maji yako na mgongo wako. Ya mbele inatumia kama lita 40 mpaka 60 kwa mzunguko, ile ya juu yenye mti wa kusokota katikati inaweza kupita lita 100, ya mbele inakamua kwa nguvu zaidi na inachemsha maji yenyewe, ila ina ule mpira wa mlangoni unaoota ukungu usipoufuta na ukisahau soksi huwezi kufungua katikati hivi hivi. Ya juu haina mpira huo, ni ya haraka, huinami. Kama maji yako yanakuja kwa presha ndogo angalia kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu kabla ya kulipa, maana valvu ya mashine ikikosa presha haifunguki vizuri na utakaa unatazama taa inawaka tu. Na zile za nusu otomatiki zenye matenki mawili msizidharau, hazina bodi ya kompyuta, unajaza maji hata kwa ndoo, fundi yeyote anazifungua, kwa nyumba ambayo umeme na maji havitabiriki ningemshauri mtu achukue hiyo kwa moyo mweupe, tatizo lake ni kwamba unasimama nayo kuhamisha nguo.

Mota nayo wanaiuza sana. Ya zamani ina brashi za kaboni zinazokwisha kama makaa, zikiisha mashine inasimama, lakini brashi mpya ni kazi ya nusu saa na ni rahisi. Ya inveta haina brashi, imetulia, haina kelele nyingi. Halafu kuna zile mota imefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya dramu bila mkanda, LG wanazo sana hizo. Zote nzuri. Ila nataka mtu aelewe kitu kimoja kuhusu maandishi makubwa ya "waranti miaka 10", soma neno linalofuata, ni ya MOTA. Mota ndo kitu ambacho hakifi mara kwa mara! Vinavyokufa ni beringi, pampu ya kutolea maji, kufuli la mlango, hita na bodi, na hivyo vinabaki kwenye waranti ya kawaida ya mwaka mmoja au miwili. Nilipomwambia kijana wa dukani hivyo akaenda kuniitia bosi wake, na bosi akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Kuhusu majina. Miele wa Ujerumani wanasema wanazipima mashine zao kwa matumizi yanayolingana na miaka 20, na Speed Queen wa Marekani wametoka kwenye mashine za madobi ya biashara kwa hiyo za nyumbani nazo ni nzito na rahisi kufungua. Bei zao ziko juu ukilinganisha na za kawaida, mwenye uwezo na mwenye fundi wao karibu achukue. Mimi sikufika huko. Na jina la niliyonunua nimeamua kutoliandika kwa sababu kampuni hiyo hiyo ina modeli nyingine ya bei ya chini, rangi ile ile, ambayo tangi lake limeunganishwa, sasa mtu akishika jina tu atatoka na ile nyingine.

Nilichochukua ni ya mlango wa mbele, kilo 8, mota ya inveta yenye mkanda, mizunguko 1,200 kwa dakika, tangi la boliti, beringi na sili zinapatikana peke yake, programu kumi na mbili ambazo ninatumia tatu. Haina waifai. Niliikwepa makusudi, kila kitu kinachoongezwa kwenye bodi ni kitu kingine cha kuharibika na bodi ndo spea inayouma zaidi mfukoni. Hiyo kilo 8 ni ya nguo za pamba tu, programu ya nailoni na polista kwa kawaida inataka nusu yake hivi, kwa hiyo familia ya watu watano kama sisi usichukue kilo 6 ukitegemea mablanketi. Kipimo changu ni mkono, nikishajaza lazima kiganja kiingie kimesimama kati ya nguo na dari ya dramu.

Siku ya kufungwa nilisimama hapo hapo. Nyuma ya mashine mpya kuna boliti ndefu za usafiri zinazoshika dramu isitikisike njiani, lazima zitolewe kabla ya kuwasha, na waliokuja kufunga walikuwa wameshachomeka maji na umeme wakiwa hawajazigusa. Nikawaonyesha kwenye kitabu, wakazitoa, nikaziweka kwenye mfuko maana siku ya kuhama zinarudi. Mtu akiwasha nazo mashine inaruka chumba kizima na inaweza kujiumiza siku ya kwanza. Baada ya hapo miguu, tukatumia pima maji, zungusha mguu mpaka mashine haichezi ukiisukuma kwenye kona zote nne. Ndani kuna matofali ya zege ya kuituliza ndo maana ni nzito vile, lakini zege halisaidii kama mguu mmoja unaelea.

Miezi tisa sasa. Inakamua mashuka bila kutembea, sauti yake naisikia jikoni kama feni. Nguo zinatoka karibu kavu, nyeupe za shule zimerudi nyeupe. Nisilolipenda ni muda, programu ya kubana matumizi inapita saa tatu, nilidhani imekwama mara ya kwanza, lakini ndivyo zilivyo nyingi za sasa, inatumia joto dogo na muda mrefu ili kuokoa umeme. Haraka nikitaka natumia ya dakika 30 kwa nguo chache zisizo na uchafu mwingi. Na droo ya sabuni inabakisha maji kidogo pembeni, naifuta.

Sabuni nimepunguza mpaka nusu ya niliyokuwa naweka zamani na nguo ziko safi vile vile, ukiona povu limejaa kwenye kioo ujue umezidisha, povu linazifanya nguo zielee badala ya kugongana. Kila mwezi napiga mzunguko mmoja mtupu wa nyuzi 60 au 90. Filta ya pampu kule chini kulia naifungua na sahani bapa chini yake, juzi nimetoa vifungo viwili, sarafu, na kipande cha penseli. Mlango na droo havifungwi kabisa mpaka pakauke. Na umeme umepita kwenye kilinda umeme kwanza, sitaki bodi ife kwa radi.

Yule fundi nilimwita aje aione mpya ingawa haikuwa na tatizo, nilitaka anihakikishie. Aliinama akamulika chini, akagusa boliti moja moja kwenye ungio, akasema hii siku ikilia nipigie. Nimekipiga picha kile kibandiko cha namba kilichoko kwenye fremu ya mlango, maana maandishi yake huwa yanafutika kwa mvuke, na nimemtumia akae nayo kwenye simu yake pamoja na namba za beringi zote mbili na ya sili.